Wenye nyumba za kupanga: mlimpataje dalali, fundi au wakili asiyewazunguka?

#1 Mhamiaji

Heshima kwenu wakuu.

Nina nyumba ndogo nne kwenye kiwanja kimoja Kinyerezi. Kila moja ina vyumba viwili, sebule, jiko na choo ndani. Kazi imenihamishia Dodoma, kwa hiyo nilimwachia dalali aliyeniletea wapangaji wa kwanza awe anazitupia jicho. Kila mwezi namtoa kidogo kwa kazi hiyo.

Kinachonisumbua ni kwamba wapangaji hawakai. Miezi sita ikiisha mtu anafungasha, dalali analeta mwingine. Fundi bomba ni mtu wake, fundi umeme ni mtu wake. Nikituma hela ya ukarabati narushiwa picha ya koki mpya. Nimeanza kushuku ni koki moja inayopigwa picha kila siku.

Hoja yangu, nipingeni: mwenye ghorofa Masaki anafuatwa na makampuni yenye ofisi na risiti. Mwenye nyumba nne Kinyerezi hana mtaalamu yeyote, ana dalali wa kijiweni tu. Kama wewe umefanikiwa kupata msimamizi, fundi au wakili wa maana, sema ulimpataje. Namba za simu msiniwekee, hizo ninazo za kutosha.

#2 Kobe wa Kimara

Naweka kigoda. Leo wenye nyumba watasema yote.

#3 Mama Fremu

Mleta uzi, dalali analipwa mpangaji akiingia. Mpangaji akikaa miaka mitatu, dalali hali. Halafu huyo huyo ndiye uliyempa kazi ya kuwatunza wapangaji wasihame? Umemkabidhi fisi bucha, sasa unashangaa nyama inapungua.

Mimi nina fremu Mbagala na vyumba vichache nyuma yake. Nilikaa na dalali wangu tukapatana hivi: mpangaji akiingia anachukua ya kwake ya kawaida kutoka kwa mpangaji. Mpangaji huyo akiongeza mkataba, mimi namtoa dalali nusu ya mwezi kutoka mfukoni kwangu. Tangu hapo yeye mwenyewe ndiye anayewabembeleza wasihame. Mmoja alitaka kuondoka sababu ya mbu, dalali kamtafutia wavu wa dirisha.

#4 Jembe Butu

Mama Fremu unawalipa watu kwa kutokuibia. Hongera.

#5 Mama Fremu

Jembe Butu, wewe una nyumba ngapi? Basi kaa.

#6 Dalali Msomi

Nimesoma hadi nimecheka. Mimi ni dalali, njia ya Tabata mpaka Segerea nawajua hadi mbwa. Naomba na upande wetu usikike.

Kwanza ile kodi ya mwezi mmoja ya udalali anayelipa ni mpangaji, si mwenye nyumba, na mnajua. Mleta uzi kasema "namtoa kidogo". Kidogo ni kiasi gani? Kuna bosi alikuwa ananitumia elfu ishirini kwa mwezi nisimamie nyumba tatu. Usiku wa manane mpangaji ananipigia bomba limepasuka. Nikitoka na bodaboda kwenda na kurudi, elfu ishirini imekatika hapo hapo.

Pili, mnaturuka. Nampeleka mteja kuona nyumba, mwenye nyumba anamnong'oneza "rudi jioni peke yako". Jioni wanamalizana. Mimi nimeambulia hela ya kutembeza, buku kumi. Kesho yake mwenye nyumba yuleyule anasema madalali si waaminifu.

Tatu, hiyo ya mafundi. Ndiyo, fundi ananipa chochote nikimletea kazi. Hata wewe ofisini ukimletea mtu tenda anakununulia soda. Tofauti ni kwamba mimi naitwa mwizi.

#7 Kobe wa Kimara

Soda ya shilingi ngapi mkuu?

#8 Dalali Msomi

Inategemea ukubwa wa bomba.

#9 Muhuri Mwekundu

Habari zenu. Nafanya kazi za sheria, nitagusa hapo tu.

Kishoka, yaani wakili feki, mwenye muhuri yupo kila kona ya jiji, na mikataba mingi ya upangaji inapita kwake. Kumjua ni rahisi. Wakili wa Tanzania Bara lazima ahuishe cheti chake cha kufanya kazi kila mwaka, na Mahakama ina mfumo wa e-Wakili ambao mtu yeyote anaweza kuandika jina la wakili na kuona kama yuko hai kikazi au la. Dakika mbili. Sijui kwa nini watu hawafanyi.

La pili ni ushuru wa stempu. Mkataba wa upangaji unatozwa asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Mkataba usiolipiwa ushuru haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na faini yake vilipwe. Kwa hiyo unaweza kuwa na mkataba mzuri, umeandikwa na wakili halali, ukafika mbele ya Baraza la Ardhi ukashindwa hata kuutoa kwenye bahasha.

#10 Jembe Butu

Mkataba mzuri upi? Watu wananunua ule wa stesheneri, buku moja, unajaza jina na kiasi. Kipengele cha mwisho kinasema "mpangaji haruhusiwi kufuga nguruwe". Ghorofa ya tatu.

#11 Sukari Guru

Mkuu Muhuri, mpangaji akigoma kutoka si unampeleka Baraza la Kata linamtoa? Wakili wa nini?

#12 Muhuri Mwekundu

Sukari Guru, hiyo ilikuwa zamani. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lina siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Likishindwa ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na kung'oa mlango au kukata umeme wa mpangaji ili atoke mwenyewe kunakugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Ila hujakosea kwamba si kila kitu kinahitaji wakili. Upangaji usiozidi mwaka unaweza kuwa hata wa mdomo. Shida ya mdomo ni kuuthibitisha.

#13 Mzee wa Risiti

Wote mnazunguka mbuyu. Sababu kwamba mwenye nyumba mdogo hapati mtaalamu ni moja: HATAKI KARATASI. Mtaalamu wa kweli atakupa risiti, atakuuliza TIN, yaani namba ya mlipakodi, atapiga hesabu za kodi ya serikali. Mwenye nyumba anakimbia hapo hapo. Mnakumbuka 2022 kelele zilivyokuwa kuhusu ile kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango anayokata mpangaji na kuipeleka TRA? Nyumba zilizokuwa na kibao cha "inapangishwa" vibao viling'olewa usiku.

Ukifanya biashara gizani utakutana na watu wa gizani.

#14 Mama Fremu

Mzee wa Risiti, fremu zangu zimepangwa na kampuni, wananikata asilimia 10 kabla hawajanilipa na wananipa cheti cha zuio. Niko mwangani kabisa. Na bado fundi paa aliniwekea mabati ya geji nyembamba kuliko niliyolipia. Mwanga haukumzuia.

#15 Mzee wa Risiti

Na hilo duka la mabati ulidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, yenye geji imeandikwa, au ulimpa fundi hela akanunue?

#16 Mama Fremu

Nyamaza.

#17 Binti Goba

Samahani nitoke kidogo nje ya mada, kwa kuwa kodi imetajwa. Mimi ni mpangaji. Kila mwezi nikinunua umeme LUKU inanikata buku ya kodi ya jengo. Jengo si langu. Mwenye nyumba anasema "ni hela ndogo". Kama ni ndogo si anirudishie?

#18 Sukari Guru

Si buku, ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ilianza buku mwaka 2021, ikapandishwa 2023. Ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Kudaiwa anadaiwa mwenye jengo, kwa hiyo dai upunguziwe kwenye kodi ya pango. Weka ujumbe wa LUKU kila mwezi, usiufute.

#19 Kobe wa Kimara

Mwenye nyumba wa Binti Goba yumo humu anasoma kimya kimya.

#20 Maji ya Kifuu

Asalam alaykum. Mie niko Maskati, nyumba zangu ziko Fuoni, Unguja. Nimewasoma nyote mnalia na madalali. Jaribuni ndugu, mtawakumbuka madalali kwa wema.

Nilimpa ndugu yangu khasa, tumbo moja. Kodi ikiingia, mara mtoto kaumwa, mara kisima kimekauka, mara kuna arusi. Humwambii kitu. Ukimdai hesabu mama anakupigia simu, "mwanangu Uarabuni kumekubadilisha". Dalali ukigombana naye unamwacha. Ndugu utagombana naye mpaka kwenye maziko.

Nilichofanya mwisho nimemwekea fungu lake kila mwezi, linajulikana, liitwe mshahara au liitwe zawadi, shauri yake. Kodi inaingia benki kwenye akaunti yangu moja kwa moja. Mafundi nawalipa mwenyewe kwa simu baada ya mpangaji kunambia kazi imekwisha. Si yeye, si fundi: mpangaji. Anayeoga ndiye anayejua kama maji yanatoka.

#21 Muhuri Mwekundu

Nakazia kwa Maji ya Kifuu na wengine mlio nje. Mkimwachia mtu hati ya kuwawakilisha, iandikwe anachoruhusiwa kufanya: kukusanya kodi, kusaini mikataba ya upangaji, kusimamia matengenezo. Basi. Nimeona hati imeandikwa "kufanya lolote kuhusu nyumba hiyo". Lolote lilifanyika. Aliporudi alimkuta mmiliki mpya anapaka rangi.

#22 Mwana Bamburi

Hamjambo, niko Mombasa. Huku kwetu kidogo ni tofauti. Ploti ikiwa na nyumba kumi hivi unaweka keateka, yaani mtunzaji, anaishi hapo hapo, na agenti juu yake. Agenti anakata asilimia ya kodi aliyokusanya, mara nyingi kati ya 5 na 10. Nyumba ikikaa tupu yeye pia hapati kitu, kwa hiyo anasumbuka. Naona mnalipa dalali kwa kuingiza mtu tu, hapo ndipo mnapoharibikiwa.

Pia huku kuna sheria ya maagenti na bodi ya kuwasajili. Unaangalia kama amesajiliwa.

#23 Jembe Butu

Na wote wamesajiliwa?

#24 Mwana Bamburi

Haha. La. Wapo wa mkoba. Na hata aliyesajiliwa, kodi na dipoziti za wapangaji zinapita kwa akaunti yake kwanza. Kuna mmoja hapa mtaani alifunga ofisi na dipoziti za watu ndani. Kwa hiyo mimi nasema wapangaji walipe kwa akaunti yako, halafu wewe umlipe agenti. Akikataa, ushajua.

KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, nayo inataka asilimia 7.5 ya kodi ya pango kila mwezi tangu Januari 2024. Agenti mzuri anakufanyia hiyo kazi, mbaya anakata na hapeleki.

#25 Sukari Guru

Na sisi si tuna bodi? Nilisikia kuna bodi ya usajili chini ya Wizara ya Ardhi.

#26 Muhuri Mwekundu

Hiyo ni ya wathamini, sheria yake ni ya 2016. Mthamini anakwambia nyumba ina thamani gani. Ukitaka kukopa benki kwa nyumba yako utamhitaji, na hakikisha yumo kwenye orodha ya bodi. Dalali wako wa Segerea hayumo humo.

#27 Dalali Msomi

Nimetajwa. Niko hapa.

Huyo wa Mombasa kasema jambo. Nipeni asilimia 10 ya kodi kila mwezi, muone kama nyumba italala tupu. Tatizo la wenye nyumba wa Dar wanachukua kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, wanamalizia kupaua nyumba nyingine. Mimi asilimia yangu itatoka wapi mwezi wa nne? Wameshaila.

#28 Mama Fremu

Hapo Dalali Msomi umesema kweli na sipendi.

#29 Waya Mbichi

Mimi ni fundi umeme, nina leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Nilisita kuandika lakini mnatuchafua.

Mwenye nyumba akija anataka bei. Nikimwambia waya wa soketi ni wa milimita za mraba 2.5, anasema fundi fulani atamwekea 1.5 na ni rahisi. Nikimwambia tuweke sakiti breka yake kila nyumba na nondo ya athi, ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, ichimbiwe, anauliza "hiyo athi inaonekana?" Haionekani. Basi haiwekwi. Baada ya mwaka hita ya mpangaji inaunguza soketi, fundi ni mwizi.

Ukitaka fundi wa maana fanya hivi. Muulize leseni, ni karatasi, anayo au hana. Nunua vifaa mwenyewe au lipa dukani moja kwa moja. Ufundi lipa nusu, nusu baada ya kukaguliwa. Na usimbadilishe kila kazi. Fundi aliyeficha waya ukutani kwako ndiye anayejua umepita wapi. Ukimwita mwingine anaanza kuvunja ukuta kutafuta, na hiyo nayo unaletewa bili.

#30 Kobe wa Kimara

Huyu Waya Mbichi yuko wapi? Nina soketi inaongea.

#31 Waya Mbichi

Zima breka kwanza. Sitanii. Kisha niandikie inbox.

#32 Binti Goba

Mleta uzi, umemhoji dalali, umemhoji fundi, umetuhoji sisi. Wapangaji waliohama umewahi kumpigia hata mmoja ukamuuliza kwa nini alihama?

#33 Jembe Butu

Kimya kimetanda.

#34 Mhamiaji

Nipo, nilikuwa kazini. Ahsanteni, nimechota mengi.

Binti Goba, namba zao ninazo kwenye mikataba. Nimepiga baada ya kusoma bandiko lako. Wawili wamepokea. Wa kwanza anasema dalali alimwambia mwenye nyumba anapandisha kodi mkataba ukiisha. Mimi sijawahi kupandisha. Wa pili anasema hana shida na dalali kabisa, alihama sababu maji ya DAWASA yanatoka usiku tu, tenki ni moja, na nyumba ya mwisho haipati presha. Anasema alimwambia dalali, dalali akasema atanifikishia. Sikufikishiwa.

#35 Mama Fremu

Huyo wa kwanza ndiyo hadithi niliyokwambia kwenye #3. Anawatisha wahame apate wapya.

#36 Dalali Msomi

Si lazima. Mara nyingi mpangaji mwenyewe anasema kodi imepanda ili asiseme ameshindwa kulipa. Nimeyaona sana.

Ila mwenzangu kama alifanya hivyo, amekosea. Hilo la maji nalo kama hakulifikisha amekosea zaidi. Mimi ningelifikisha, maana kuweka tenki la pili kuna fundi.

#37 Kobe wa Kimara

Na soda.

#38 Mzee wa Risiti

Mhamiaji, mkataba wako na dalali kuhusu usimamizi umeandikwa? Kazi zake ni zipi, anakuripoti lini, hela ya matengenezo anaruhusiwa kutumia hadi kiasi gani bila kukuuliza?

#39 Mhamiaji

Tulikubaliana kwa simu.

#40 Mzee wa Risiti

Mimi sina la kuongeza, nendeni #13.

#41 Maji ya Kifuu

Mzee wa Risiti punguza moto. Na ndugu yangu nimeandikiana karatasi, mashahidi wawili, na bado arusi hazikwisha. Karatasi inasaidia siku ya kugombana. Siku ya kuaminiana haikuongezei kitu.

#42 Sukari Guru

Mimi naona mnakuza. Nyumba nne hazihitaji msimamizi. Mchukue mpangaji mmoja anayekaa muda mrefu, mpunguzie kodi kidogo, awe anaangalia mengine: maji, taka, gari la kunyonya shimo, nani kahama. Pale kwangu Kitunda nafanya hivyo na mama mmoja mwalimu. Wapangaji wanamwogopa kuliko mimi.

#43 Binti Goba

Sukari Guru, pale nilipokaa zamani walifanya hivyo. Huyo mpangaji mkuu alikuwa anatuchangisha hela ya shimo, na shimo halivutwi. Sisi tulidhani ni agizo la mwenye nyumba.

#44 Sukari Guru

Ndiyo maana nimesema mwalimu.

#45 Jembe Butu

Waalimu wa nchi hii mna kazi.

#46 Mhamiaji

Ijumaa nachukua treni ya SGR, Jumamosi asubuhi niko Kinyerezi. Nitaanza na tenki kabla ya watu. Fundi nitamtafuta mwenyewe, dukani nitalipa mwenyewe. Kwa dalali nitampelekea wazo la Mama Fremu na la Mwana Bamburi achague: hela mpangaji akiongeza mkataba, au asilimia kila mwezi na nianze kupokea kodi ya miezi mitatu mitatu. Akikataa yote mawili nitarudi hapa.

Muhuri Mwekundu, hiyo stempu kwa mkataba ambao umeshaanza inalipika bado?

#47 Muhuri Mwekundu

Inalipika, na faini ya kuchelewa juu yake. Nenda TRA na mkataba wenyewe.

#48 Waya Mbichi

Ukifika pampu ikague na yenyewe. Presha kukosekana nyumba ya mwisho inaweza isiwe tenki. Inaweza kuwa bomba limewekwa la nusu inchi kutoka mwanzo hadi mwisho.

#49 Dalali Msomi

Au koki. Ile ya kwenye picha.

#50 Mpita Njia 88

Wakuu nimeusoma uzi wote. Kati ya hizo nyumba nne za Kinyerezi, ipo iliyo wazi? Mimi ni mtu mmoja, sipigi muziki, naweza kulipa miezi mitatu. Sitaki kupitia dalali.

#51 Dalali Msomi

Mnaona sasa?